Swichi ya Mtandao na Hatari ya Kitanzi

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Maneno yafuatayo yamepigwa chapa kama mwalimu alivyoyasoma. Msimamizi wa darasa aandike ubaoni maneno mapya haya kabla ya kuanza: swichi, tundu, kifurushi, tangazo, kitanzi, salamu, shina, cheo.

Tafadhali kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na kila mmoja awe na kalamu, maana leo tutachora picha.

Leo tutajifunza habari za kisanduku kiitwacho swichi. Sisemi ile swichi ya ukutani iwashayo taa. Nasema swichi ya mtandao, ile inayounganisha kompyuta kwa nyaya ili zipate kusemezana. Huenda mmekwisha kuiona ofisini, shuleni au zahanati. Ina matundu mengi yaliyopangwa safu moja, na juu ya kila tundu kuna taa ndogo inayopepesa. Mafundi huyaita matundu hayo poti.

Pengine mtu atauliza, "Hayo si kazi ya fundi? Yanihusu nini mimi?" Ni swali zuri. Jibu lake ni hili. Mtu mmoja asiye fundi, akichomeka waya mmoja mahali pasipofaa, aweza kuzima mtandao wa jengo zima kwa muda wa sekunde chache. Wala hatajua ya kuwa ni yeye. Kwa hiyo yafaa sote tujue.

I. SWICHI HUFANYAJE KAZI

Kompyuta haitumi habari zote kwa mkupuo. Huzigawa vipande vidogo vidogo, na kila kipande tutakiita kifurushi. Juu ya kila kifurushi pameandikwa namba mbili: namba ya mpelekaji na namba ya mpokeaji. Namba hizo kila chombo hupewa kiwandani. Huandikwa kwa jozi sita za tarakimu na herufi, jumla yake alama 12.

Swichi ni kama karani wa posta mwenye kumbukumbu nzuri. Kifurushi kikiingia kwa tundu la 3, husoma namba ya mpelekaji na kuiandika katika daftari lake: "Huyu yuko tundu la 3." Kisha husoma namba ya mpokeaji. Ikiwa yumo daftarini, hukipeleka kwa tundu lake tu. Ikiwa hayumo, hukinakili na kukipeleka kwa matundu yote, isipokuwa lile kilimoingilia.

Tena kuna vifurushi vya namna nyingine, navyo ni matangazo. Tangazo ni kifurushi kilichoandikwa kwamba ni cha watu wote. Kwa mfano, kompyuta inapotafuta mashine ya kupigia chapa, huuliza wote: "Ni nani mwenye anwani hii?" Tangazo kama hilo nalo swichi hulipeleka kwa matundu yote, isipokuwa lile liliLOingilia. Shikeni sana jambo hilo, maana ndipo hatari ilipo.

II. KITANZI NI NINI

Sasa chukueni kalamu. Choreni visanduku viwili. Cha kwanza kiandikeni A, cha pili B. Hizo ni swichi mbili. Ziunganisheni kwa mstari mmoja. Huo ni waya mmoja, na mambo ni salama. Sasa ongezeni mstari wa pili kati ya A na B. Tazameni vizuri: mnaona ya kuwa mistari hiyo miwili imefanya duara? Duara hilo ndilo kitanzi.

Tufuate tangazo moja kwa kidole. Tangazo limeingia A kutoka kwa kompyuta. A hulipeleka kwa waya wa kwanza na kwa waya wa pili. B hupokea nakala iliyokuja kwa waya wa kwanza. Hufanya nini? Huipeleka kwa matundu yote mengine, pamoja na lile la waya wa pili. Basi nakala inarudi A. Na A hailitambui kuwa ni tangazo lake la zamani. Huona ni tangazo jipya, nayo hulipeleka tena. Hivyo nakala moja yazunguka huku, nyingine yazunguka kule, na kila mara zipitapo, kompyuta zote hupelekewa nakala nyingine.

Je, litakoma lini? Halitakoma. Vifurushi vya intaneti vina hesabu ya umri: kila kikipita kituo kimoja hupunguziwa moja, na hesabu ikifika sifuri kifurushi hutupwa. Lakini vifurushi vya itheneti, yaani utaratibu huu wa nyaya na swichi, havina hesabu hiyo. Huzunguka mpaka waya uchomolewe au umeme uzimwe.

Na nyaya zikiwa tatu, mambo ni mabaya zaidi. Kila nakala iingiayo kwa waya mmoja hutoka kwa nyaya mbili. Tuhesabu pamoja: 3, 6, 12, 24, 48, 96. Mara ya 10 zimekuwa 1,536. Mara ya 20 zingekuwa zaidi ya milioni moja na nusu, kama waya ungeweza kuzibeba. Lakini hauwezi. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde, hata kwa vifurushi vidogo kabisa, hupitisha kama 148,000 tu kwa sekunde moja. Hapo njia hujaa matangazo, na barua ya kweli haina pa kupita. Mafundi huiita hali hiyo dhoruba ya matangazo.

Zijueni dalili zake. Taa zote za swichi hupepesa kwa kasi, zote pamoja, bila kupumzika. Kompyuta zote hulemaa kwa wakati mmoja. Simu za ofisini zinazotumia mtandao hukatika sauti. Na ukichomoa waya mmoja ulio katika kitanzi, mara moja kila kitu hupona.

III. KWA NINI TUSITUMIE WAYA MMOJA TU?

Mtu mwenye busara atasema, "Basi tuweke waya mmoja, tumalize taabu." Lakini panya hula nyaya. Mjenzi hupiga sururu akakata waya uliozikwa. Tundu hufa. Zahanati ikiwa na waya mmoja tu kwenda kwenye kompyuta ya kumbukumbu, na waya huo ukakatika usiku, mganga hatapata kusoma dawa alizokwisha kupewa mgonjwa aliye mbele yake.

Kwa hiyo twataka njia mbili, lakini twataka moja ifanye kazi na ya pili ilale, iamke tu ya kwanza ikikatika. Ni kama mtumbwi wa akiba uliofungwa ufukoni. Hauko majini, lakini uko.

IV. MTI USIO NA DUARA

Utaratibu wa itheneti ulianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, nchini Marekani. Aliyeubuni alikuwa Robert Metcalfe, pamoja na mwenzake David Boggs. Hapo mwanzo kompyuta zote zilishika waya mmoja mrefu. Baadaye watu walitaka kuunganisha nyaya nyingi kwa visanduku vilivyoitwa madaraja, navyo ndivyo wazee wa swichi za leo. Hapo ndipo shida ya kitanzi ilipozuka.

Aliyeitatua ni mwanamke, Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Mwaka 1985 alibuni njia ya kuziwezesha swichi zenyewe kukubaliana njia ipi iachwe wazi na ipi ifungwe, bila mtu kuziamuru. Mwaka 1990 njia hiyo iliingizwa katika kanuni za kimataifa za mafundi wa umeme. Kwenye vyombo hutambulikana kwa herufi tatu: STP. Mkiziona herufi hizo kwenye kioo cha kompyuta, jueni ndizo hizo.

Wazo lake ni la mti. Tazameni mti ulio nje ya darasa lenu. Kutoka jani lolote hadi shina, njia ni moja tu. Matawi hayarudi kuungana yakafanya duara. Basi, mtandao wenye nyaya nyingi unaweza kufanywa kama mti, kwa kuzifunga zile njia zilizozidi.

Swichi hufanyaje? Hupelekeana salamu kila sekunde 2. Katika salamu kila swichi hutaja namba yake. Namba hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni cheo, ambacho mtu aweza kukibadili. Kiwandani huwekwa 32768. Ya pili ni ile namba ya kiwandani. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye shina. Msishangae kwamba ndogo ndiyo kubwa. Katika foleni pia namba 1 hutangulia namba 50.

Shina likijulikana, kila swichi nyingine hutafuta njia yake nafuu ya kulifikia. Njia hupimwa kwa gharama. Katika hesabu ya zamani, waya wa megabiti 100 una gharama 19, na waya wa gigabiti 1 una gharama 4. Waya wenye kasi ndio nafuu. Njia nafuu huachwa wazi, na zile zinazoleta duara hufungwa.

Choreni tena. Tuseme chama cha ushirika kina swichi tatu: moja ofisini, moja ghalani, moja dukani. Nyaya ziko tatu: ofisi hadi ghala, ofisi hadi duka, na ghala hadi duka. Hiyo ni pembetatu, yaani kitanzi. Ya ofisini ikiwa shina, ghala hufika shina kwa waya wake, na duka kwa waya wake. Waya wa kati ya ghala na duka hufungwa upande mmoja. Siku waya wa ofisi na duka ukikatika, ule uliolala utaamka, na duka litapita ghalani kufika ofisini.

Zamani kuamka huko kulichukua muda: kungoja sekunde 20, kusikiliza sekunde 15, kujifunza sekunde 15, jumla yake hata sekunde 50. Mwaka 2001 ikatolewa kanuni ya pili yenye kasi, iitwayo RSTP, ambayo mara nyingi hubadili njia kwa sekunde chache au pungufu. Chombo chenu kikiwa na zote mbili, chagueni RSTP.

V. SWICHI ZILIZOFICHIKA

Sasa sikilizeni jambo linalowadanganya wengi. Si kila swichi ni kisanduku chake peke yake. Nyingine zimefichwa ndani ya vyombo vingine. Kile kisanduku kinacholeta intaneti, chenye matundu manne nyuma, kina swichi ndani yake. Mashine nyingi za kiwandani zenye matundu mawili ya mtandao nazo ni hivyo hivyo.

Na simu ya mezani ya ofisini? Aghalabu ina matundu mawili: moja la waya wa ukutani, la pili la kompyuta. Ndani yake mna swichi ndogo. Mtu anafuta meza, anaona waya umening'inia, naye kwa wema wake anauchomeka mahali palipo wazi. Sasa matundu yote mawili ya simu yameunganishwa na ukuta. Hicho ni kitanzi kamili, na hakuna aliyekusudia ubaya.

VI. KUPANGA MATUNDU HATUA KWA HATUA

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Majina ya vitufe hutofautiana kwa chombo na chombo, lakini utaratibu ni mmoja.

Kwanza, choreni ramani. Andikeni kila swichi, hata iliyofichika, na kila waya: unatoka tundu gani, unakwenda tundu gani. Msiguse chombo kabla ya ramani kwisha.

Pili, chagueni saa ambayo watu hawafanyi kazi. Wekeni nakala ya mpango wa zamani wa chombo, ili mkikosea mpate kurudi.

Tatu, washeni RSTP katika kila swichi inayoweza, kabla ya kuchomeka waya wa pili. Wengi huchomeka kwanza kisha wakataka kuwasha. Dhoruba ikianza, hata chombo chenyewe hakitawajibu. Angalieni sana swichi zilizofichika, maana nyingi hutoka kiwandani zikiwa hazikuwashwa. Ndani ya chombo cha namna hiyo mna vitu viwili: ubongo unaofikiri, na kipande kinachopitisha vifurushi. Salamu ni lazima zifike kwenye ubongo, na amri ya kufunga tundu ni lazima ifike kwenye kile kipande. Ikiwa jina STP limewashwa lakini amri haifiki, kioo kitasema "limefungwa" na huku vifurushi vinapita. Kwa hiyo msiamini kioo tu. Jaribuni, kama nitakavyoeleza.

Nne, chagueni shina ninyi wenyewe. Mkiacha namba za kiwandani, vyeo vyote vitakuwa sawa, na atakayeshinda ni mwenye namba ya kiwandani iliyo ndogo. Mara nyingi hiyo ni swichi kuukuu iliyosahaulika stoo. Ipeni swichi yenu kubwa cheo 4096, na ya kuisaidia 8192. Vyeo hupandishwa kwa hatua za 4096, kuanzia 0 hadi 61440. Chombo kidogo kisichofaa kuwa shina mkipe 61440.

Tano, yatengeni matundu ya kompyuta na mashine za kupigia chapa. Hayo ni ncha za matawi. Hayaongozi kwenye swichi nyingine. Kuna mpango wa kuyafanya yafunguke mara moja bila kungoja. Lakini msiuweke kamwe kwenye tundu linalokwenda kwenye swichi. Tena wekeni mlinzi: tundu la ncha likisikia salamu ya STP, lijifunge papo hapo, maana kompyuta ya kawaida haitoi salamu hizo. Mlinzi huyo ndiye atakayewaokoa siku ile ya waya wa simu ya mezani.

Sita, wekeni mpaka wa matangazo katika kila tundu, ikiwa chombo kinaruhusu. Matangazo yakizidi kiasi, yanayozidi hutupwa. Mpaka huo hauondoi kitanzi, ila hupunguza madhara. Ni wa lazima hasa mahali penye swichi bubu zisizojua STP. Baadhi yake hupitisha salamu za wengine, nyingine huzimeza. Na zikimezwa, wenzake hawawezi kukiona kitanzi.

Saba, jaribuni. Chomekeni waya wa pili. Tazameni orodha ya matundu: moja liwe limefungwa. Tazameni taa: zisipepese kwa wazimu. Kisha chomoeni waya wa kwanza, mhesabu sekunde mpaka kazi irudi, mwandike hesabu hiyo. Rudisheni waya. Mwisho chomekeni kwa makusudi waya mmoja kati ya matundu mawili ya ncha, mwone kama mlinzi yuko macho.

Na neno moja la kuonya. Mkiona tundu limeandikwa "limefungwa", msilihurumie mkalifungua kwa nguvu. Halikuharibika. Liko kazini.

VII. YALIYOTOKEA BOSTON

Nitawapa habari ya kweli. Katika mji wa Boston, Marekani, iko hospitali kubwa iitwayo Beth Israel Deaconess. Mwezi wa Novemba 2002 mtandao wake ulianguka, ukawa unainuka na kuanguka kwa siku kadhaa. Mtandao ule ulikuwa umekua mwaka hata mwaka, kipande kikiongezwa juu ya kipande. Kanuni ya STP, kwa vipimo vyake vya kawaida, hupendekeza kwamba kifurushi kisipite swichi zaidi ya 7 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sehemu za mtandao ule zilikuwa zimepita kiasi hicho. Siku moja habari nyingi mno zilipitishwa, salamu zikachelewa, swichi zikapotewa na hesabu ya mti, na vitanzi vikafunguka.

Waganga na wauguzi walirudi kwenye karatasi. Amri za dawa ziliandikwa kwa mkono, na majibu ya maabara yalichukuliwa na watu kwa miguu. Vijana waliozoea kompyuta walifundishwa na wazee namna ya kuandika karatasi hizo. Mkuu wa kompyuta wa hospitali, Daktari John Halamka, hakuificha habari. Aliieleza waziwazi ili wengine wajifunze.

Sisi nasi tujifunze mambo mawili. La kwanza, STP ni mlinzi mzuri, lakini mlinzi hupewa eneo analoweza kulizunguka. Mtandao ukikua, mpango wake utazamwe upya. La pili, mahali penye uhai wa watu, karatasi na kalamu ziwe tayari kabatini, na watu wajue kuzitumia. Kwa hiyo kusoma na kuandika kwenu si jambo la zamani lililopitwa na kompyuta. Siku kompyuta ikinyamaza, kazi husimama juu ya mkono unaojua kuandika.

MASWALI YA DARASA

1. Swichi hulifanyia nini tangazo liingialo kwa tundu la 3?
2. Kwa nini kifurushi cha itheneti hakikomi kuzunguka?
3. Swichi tatu zina vyeo 32768, 4096 na 8192. Shina ni ipi?
4. Kwa nini twawasha RSTP kabla ya kuchomeka waya wa pili?
5. Tembeleeni ofisi, shule au zahanati iliyo karibu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hesabuni swichi zote, pamoja na zilizofichika. Msichomeke wala msichomoe kitu. Choreni ramani, mwilete darasani.

Somo letu limekwisha. Msimamizi wa darasa sasa asome maswali kwa sauti, na kila mwanafunzi ajibu kwa zamu. Kwaherini, ndugu zangu.